Jioni Baba Aliponishikia Nyota

Nakumbuka jioni moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa mwalimu kijana hapa Buger, miaka ile hata sabuni ilikuwa adimu. Mwalimu mwenzangu mgeni alipohama aliniachia darubini na kamera, nami giza lilipoingia nikazifunga pamoja uani kwa baba. Nilitaka picha ya galaksi, kundi la nyota lililo mbali kupita nyota zote tuzionazo. Kwa macho ilikuwa kama unga uliopeperuka tu. Ili filamu iinase, kamera ilipaswa kukaa wazi karibu saa nzima huku mtu akigeuza skrubu ya darubini polepole, maana mbingu hazisimami. Na filamu ilibaki ya picha moja.

Baba, mkulima wa maneno machache, alisogea atazame.

"Baba, usiguse!"

Akarudi zizini.

Kazi ikiwa katikati, akaniita. Ng'ombe wetu alikuwa akizaa, ndama amekwama.

"Mkono wangu mnene. Wako utapita."

"Nikiacha, picha imeharibika, baba."

Akanawa, akaja kusimama kando yangu. "Mkono huu umekulea wewe. Utashindwa kulea nyota?"

Mwanangu, nikamwekea mkono wake kwenye skrubu. Nikamwonyesha nyota ya kufuata, asiiache itoke pale nyuzi mbili zinapokutana ndani ya kioo, nikakimbia. Mama akamtuliza ng'ombe, nami nikapapasa hadi nikaupata mguu uliojikunja. Nikaunyoosha, tukavuta. Ndama akaanguka kwenye majani, akapiga chafya! Mama akacheka huku akifuta machozi.

Niliporudi, baba alikuwa ameinama vilevile.

"Mzima?" akauliza, jicho halitoki kwenye kioo.

"Mzima, baba. Jike."

"Basi nyamaza, usinitikise."

Nikamwacha amalizie.

Filamu ilisafishwa Arusha. Galaksi ilikuwemo, ndogo, imelala upande kama ungo, na nyota zote zimetulia. Baba aliwaambia wageni, "Tuliipiga mimi na binti yangu." Ndivyo ilivyokuwa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ukipenda jambo, mwanangu, usilizungushie miiba hata wanaokupenda wakabaki nje. Mzazi wako asipojua jina la kazi yako, mpe sehemu ya kushika. Mkono uliozoea subira hujifunza upesi. Naye akikuita, nenda.

Mungu akujalie macho ya kufika mbali, na nyumbani usikose wa kukupokea mzigo.