Maharagwe Niliyoyafukua Mwihoko

Kuna sauti moja ambayo mpaka leo hunirudisha utotoni: maharagwe makavu yakimwagwa kwenye sinia la bati. Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni kwangu, hapa Kahawa Sukari, nikitaka kuyachambua kabla ya kuyainjika. Nilipoyamwaga tu nikajikuta nimesimama nimeshika pakiti tupu, sijui nicheke au nilie. Wanangu wakaniuliza kama nimeona jiwe. Niliwaambia hakuna jiwe. Ninyi nitawaambia ukweli, maana hatuli meza moja na hamwezi kunitania kila Jumapili.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Mwihoko, kwenye nyumba ya mabati ya kupanga, vyumba viwili: baba, mami, mimi, na ndugu yangu Njoroge, aliyekuwa na miaka minne na tumbo lisilojua subira. Baba alifanya kazi Thika, kwenye kiwanda cha nguo. Alikuwa akirudi jioni na vipande vya nyuzi kwenye nywele, na Njoroge humpanda mabegani kuvitoa kimoja kimoja. Kisha siku moja akarudi saa nne asubuhi, kichwa safi. Kiwanda kilikuwa kimefunga lango, na wafanyakazi wameambiwa wakangoje nyumbani mpaka waitwe. Baba akangoja. Kila Jumatatu alivaa ovaroli lake lililopigwa pasi, akaenda Thika kusimama langoni na wenzake, na kila Jumatatu akarudi, akalivua, akalikunja vizuri kama mtu anayelitunza kwa ajili ya arusi.

Kwanza maziwa yalitoka kwenye chai, tukabaki na strungi. Kisha sukari ikafuata maziwa. Githeri nayo ikawa mahindi matupu, hata ukibahatika kupata haragwe kwenye sahani unalisukuma pembeni ulimalizie mwisho. Nilijifunza kulitafuna polepole sana, nikiwa nimefumba macho, na Njoroge akilikodolea macho langu baada ya kumeza lake.

Mami alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na kwa kila shida alikuwa na jibu moja: "Mungu anajua." Baba akirudi mikono mitupu, Mungu anajua. Kibiriti kikiisha, Mungu anajua. Na akiona hatujaridhika, anaongeza, "Mungu si Athumani." Nilimhurumia sana huyo Athumani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia alikosa nini.

Mimi sikuwa na imani ya namna hiyo. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Nilihesabu vijiko vya unga mami alipokuwa akisonga ugali, na nikiona vimepungua nilikula kidogo kwa makusudi, kisha nikaumwa na kichwa na kuwapa wasiwasi wengine.

Mwezi wa tatu, dada mmoja wa kanisani aliyekuwa na ploti isiyojengwa karibu na kwetu alimwambia mami ailime mpaka siku mawe ya nyumba yatakapofika. Mwihoko kwa Kikuyu ni tumaini, ila ungeiona ile ploti wakati ule ungedhani aliyetoa jina alikuwa anatania. Ulikuwa udongo mweusi, umepasuka nyufa za kumeza penseli. Najua kwa sababu ulimeza yangu. Cucu, mama yake mami, alikuwa ametutumia kutoka Murang'a gorogoro moja, kopo la kupimia la kilo mbili, ya maharagwe, yale mekundu yenye madoa. Zaidi ya hayo hatukuwa na kingine cha kupanda, na karibu tusiwe na kingine cha kula.

Kwetu watu hupanda kavu. Unaiweka mbegu kwenye vumbi kabla mvua haijanyesha, ili tone la kwanza liikute iko tayari. Ukisubiri inyeshe kwanza, ule udongo mweusi hushika jembe na miguu, na kufikia siku utakapoweza kuingia shambani majani ya jirani yameshakucheka. Mvua ikija kwa wakati, wewe ni hodari. Ikichelewa, umelisha panya na njiwa.

"Mama Wangui," baba alimwambia mami siku moja tukinywa uji, "hiyo maharagwe si tungepika tu? Tungekula wiki mbili."

"Na wiki ya tatu?"

Baba akatazama kikombe chake.

"Tutapanda," mami akasema. "Mungu anajua."

Tulipanda Jumamosi. Mami alivuta kamba akachimba mashimo, mimi nikaweka mbegu mbili mbili, Njoroge akafukia kwa mguu huku akiimba. Ilipofika saa tisa tulikuwa na mistari kumi na miwili, na jembe lilikuwa limemtoa mami malengelenge. Alilisimamisha jembe, akainua mikono, akaomba kwa Kikuyu kwa sauti hata mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama na kuvua kofia. "Baba," alisema, "yetu tumemaliza. Imebaki yako." Kisha akaangua kicheko, akampangusa Njoroge kamasi, tukaenda nyumbani.

Mvua haikuja. Kila mchana mawingu yalijikusanya upande wa Kilimambogo, meusi, ya kutia moyo, na kila jioni yakatawanyika yakatuacha na upepo na vumbi. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Baba alianza kutembea kwenda kuitazama ile ploti, na akirudi hula kidogo kuliko mimi. Siku moja Njoroge alilia njaa mpaka akaacha mwenyewe, na huko kuacha ndiko kulikoniogopesha.

Jumapili hiyo mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alitufundisha kwamba tusihangaike, kwa sababu ndege hawalimi wala hawana ghala na bado Mungu huwalisha. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilijua anawalisha nini: maharagwe yetu.

Kesho yake nilipotoka shule nilipita nyumbani nikachukua kijiko, nikaenda kwenye ploti. Msinicheke. Nia yangu ya kwanza ilikuwa kuangalia tu kama mbegu bado zipo. Nilifukua shimo la kwanza, nikazikuta zote mbili, kavu, zinang'aa. Ningezirudisha. Lakini nilipozishika nilimwona Njoroge na ule mdomo wake mkavu, na mikono ikaendelea yenyewe. Nilifukua mistari miwili, ile ya pembeni karibu na ua la kayaba, nikasawazisha udongo vizuri, mbegu nikazitia kwenye soksi ya shule. Niliogopa, lakini nilijawa na fahari pia. Mpango wangu ulikuwa kwamba siku mami atakaposema hakuna kitu kabisa, nitaitoa ile soksi, wote wataniona mwokozi. Niliificha chini kabisa ya sanduku la nguo, nyuma ya kitanda.

Siku ya tatu, tukiwa darasani, mabati ya shule yalianza kugonga tone moja moja. Mwalimu wa hesabu akasimama na chaki mkononi. Kisha mvua ikamwagika kwa kelele ambayo hakuna aliyejaribu kushindana nayo, na watoto wote wakapiga mayowe, hata wale wakubwa wa nyuma. Mimi nililia. Mwalimu alidhani ni furaha, akanipapasa kichwa.

Nyumbani nilimkuta mami amesimama uani bila kitambaa kichwani, amelowa chepechepe, anacheza. Baba alikuwa mlangoni anacheka, na nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande wa kushoto. Ilinyesha siku tano. Sikuweza kulifikia sanduku mtu asinione, na hata ningelifikia, ploti ilikuwa tope la kuvua mtu viatu.

Maharagwe yalitoka siku ya saba. Tulienda wote kuyaona. Yalikuwa yamepinda migongo na kuinua udongo, mistari kumi imenyooka. Pembeni kwenye kayaba hapakuwa na kitu.

"Panya," baba alisema.

"Panya gani anakula kwa mstari?" mami akauliza. Nilitazama miguu yangu.

Soksi ilijifichua yenyewe. Bati letu lilikuwa na tundu ambalo ukame ulikuwa umetusahaulisha, na tundu hilo lilikuwa juu ya sanduku. Siku mbili baadaye chumba kilianza kunuka, mami akavuta sanduku, akatoa nguo moja moja, kisha akainua soksi yangu kwa vidole viwili. Ilikuwa imevimba. Maharagwe yalikuwa yameota ndani yake, mizizi myeupe imetokeza kwenye matundu ya kisigino na kusukana, mengine yameoza yakawa ute. Hapakuwa na hata moja la kuokoa.

Mami aliketi kitandani na ile soksi mapajani. Maji machafu yakamlowesha nguo wala hakuyajali.

"Wangui. Hii ni ya shamba?"

"Ndio, mami."

"Kwa nini?"

"Njoroge alikuwa na njaa. Na mvua ilikataa."

Nilisubiri fimbo. Nilikuwa nimeshainua mabega. Lakini aliniangalia muda mrefu, kwa namna ambayo sikuielewa, kana kwamba mimi ndiye niliyemfumania yeye. Kisha akasema, "Kesho ukitoka shule, njoo tu shambani."

Nilienda nikiwa nimevaa sketi mbili, kwa tahadhari. Mami alikuwa ameshachimba mashimo ya ile mistari miwili. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, ndani kabisa, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na maharagwe, mekundu yenye madoa, ya kutosha mistari miwili na machache ya kubaki.

"Weka," aliniambia. "Mbili mbili."

Niliweka. Sikuthubutu kuuliza. Yale machache yaliyobaki nilidhani atayarudisha kwenye kitambaa, lakini aliyapanda pia, tatu tatu kwenye mashimo ya mwisho, mpaka kitambaa kikabaki kitupu. Akakikung'uta, akajifunga kichwani.

Mimi niliona muujiza mtupu. Gorogoro ilikuwa moja, nami nilikuwa nimeona kibuyu alichotilia mbegu kikimiminwa hadi mwisho siku ya kupanda. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya shule ya Jumapili nzima, nikashuhudia kwamba Bwana ameweka maharagwe ndani ya aproni ya mami. Watoto wakaitikia amina. Habari ilifika kanisa kubwa kabla ibada haijaisha, na akina mama wakamzunguka mami nje wakitaka aeleze. Mami alishikwa na kikohozi cha ajabu, akasema tuna mgeni nyumbani. Hatukuwa na mgeni.

Tulivuna. Sitawadanganya kwamba shida iliisha siku hiyo. Baba hakuitwa tena kiwandani, na ilichukua karibu mwaka kabla ya kupata kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mwenye duka la mbao huko Thika. Lakini tulikula. Ile mistari miwili iliyochelewa iliiva baada ya mingine, na tulikuwa tunaichuma mbichi wakati majirani wameshamaliza yao.

Nilikua na ule muujiza. Kila nilipobanwa na maisha nilijilaumu kwamba sina imani ya mami, ile imani nzima isiyo na ufa. Mwaka jana kazi yangu ilipoisha ghafla nilienda kumwona mami huko Gitothua, anakoishi sasa na baba. Alikuwa anamenya viazi. Nilimwambia nimeomba mpaka nimechoka, na bado naamka na mikono baridi, naanza kuhesabu vilivyobaki kabatini kama nilivyokuwa nikihesabu vijiko vya unga. Nikamwambia, mimi si kama wewe, mami. Wewe ulikuwa unaamini.

Akaweka kisu chini.

"Wangui, kwani ile maharagwe ya aproni unafikiria ilitoka wapi?"

Nikamwambia nilivyofikiria. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha kicheko kikaisha na macho yake yakalowa.

"Niliiba," alisema. "Siku Cucu yako alituma, kabla baba yako aone, nilitoa maharagwe mikono mitatu nikafunga kwa kitambaa. Nikasema, mvua ikikataa, si nitapikia watoto mara moja ya mwisho. Kila siku nikiwaambia Mungu anajua, mkono ulikuwa ndani ya mfuko. Nilikuwa nazishika."

Alijipangusa macho kwa kiganja.

"Sasa niliposhika ile soksi yako inanuka, ningekuchapa na mkono gani? Nilikuona nikajiona. Nikamwambia Mungu, haya, hata hii chukua."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeutafuta muujiza mahali pasipo pake. Mungu hakuweka chochote kwenye ule mfuko. Kilichotokea ni kwamba mwanamke mwenye njaa na watoto wawili aliutoa mkono wake mfukoni.

"Na hapo ndipo woga uliisha?" nilimuuliza, nikitumaini atasema ndiyo.

Aliokota kisu akaendelea na kiazi chake.

"Iishe?" alisema. "Wee, niliogopa mpaka siku tulivuna. Lakini nilikuwa nimepanda."