Fisi wa Ekitela

Ekitela, fundi wa simu pale mtaa wa Bulla Pesa, Isiolo, alikuwa ametumia miaka miwili kutengeneza gemu ya kupigana na fisi, na gemu yenyewe ilikuwa mbaya sana. Nasema hivi kwa upendo. Ndani yake mlikuwa na silaha arobaini, vitufe kumi na viwili, helikopta, na duka la viatu ambalo hakuna aliyelielewa, hata yeye mwenyewe. Fisi walikuwa wa rangi saba.

Aliipeleka kwenye maonyesho ya vijana mjini. Kila aliyeishika aliicheza dakika moja, akasifu picha, kisha akakumbuka ana shughuli mahali. Ekitela alirudi nyumbani akamwambia mkewe Judy kwamba watu wa Isiolo hawajui sanaa. Judy alimuuliza kama yeye mwenyewe huicheza. Ekitela akasema ana kazi nyingi.

Jirani yake kibandani alikuwa Habibo, mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia. Asubuhi moja wateja walipokuwa wachache, aliomba aione hiyo gemu. Aliuawa kabla hajapata kitufe cha kupiga. Akajaribu tena, akampiga fisi panga, na fisi akaendelea kutembea kama mtu anayekwenda posta.

"Huyu hajui kama amepigwa," Habibo alisema.

Ekitela alimweleza kuhusu nguvu za fisi, na namba ndogo nyekundu inayopungua pale juu.

"Mimi nimempiga fisi, Ekitela. Kule Biliqo, nikiwa msichana, katikati ya mbuzi. Nilikuwa na fimbo moja. Nilipompiga, mkono wangu ulijua, na yeye alijua. Hapa ni namba tu inayojua."

Ekitela alinuna. Siku mbili alinunua maziwa kwa mtu mwingine, nayo yalikuwa yamechachuka. Siku ya tatu alifungua kompyuta akaanza kufuta. Bunduki zikaenda, duka la viatu likaenda, helikopta akaifuta mwisho, kwa uchungu wa kweli. Ikabaki fimbo, kitufe kimoja, na fisi wa rangi ya fisi.

Halafu akakaa wiki tano kwenye pigo moja tu. Aliifanya gemu isimame kidogo, kama kufumba na kufumbua jicho, kila fimbo inapogusa mwili wa fisi. Fisi akasukumwa nyuma, vumbi likaruka, simu ikatetemeka mkononi. Mlio haukumridhisha, kwa hiyo akatandika ngozi kavu ya ng'ombe nyuma ya nyumba na kuichapa kutwa nzima akirekodi, mpaka majirani wakamwita Judy pembeni kumpa pole. Mwishowe akamfundisha fisi kuinamisha bega kabla ya kuruka, ili mchezaji mwenye macho aone hatari inakuja.

"Miaka miwili ya kazi," Judy alisema, "na umebaki na fimbo." Lakini alikuwa ameshika simu, na hakuirudisha.

Habibo alipoletewa, aliuawa mara kumi na moja mfululizo. Ekitela alisimama karibu akijitayarisha kutukanwa.

"Hapo ni mimi," Habibo alisema. "Bega nililiona, nikachelewa." Akaanza tena. Mteja alikuja na chupa yake, akangoja, akachoka, akajimiminia maziwa mwenyewe.

Ekitela alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipojua imekuwa gemu. Zamani watu waliuawa wakailaumu simu. Sasa walijilaumu wenyewe, na anayejilaumu hurudi.

Siku hizi iko kwenye simu elfu tatu hivi. Anayeongoza ni Habibo, fisi mia mbili na nne bila kuguswa, naye haoni ajabu yoyote. Kilichobaki kumkera ni mkia. Anasema fisi akiogopa huufyata kati ya miguu, na huyu wa Ekitela anaupeperusha kama bendera. Ekitela yuko kwenye mkia huo tangu mwezi uliopita. Simu za wateja zinangoja.