Mabegi ya Wapakiaji

Juzi, kwenye ofisi ya malori ya kuhamisha vyombo pale Mlabani, nilimkuta nesi aliyehamishiwa Mahenge akikataa vyombo vyake kupakiwa. Alikuwa ameona mabegi ya wapakiaji yamefungiwa stoo kwa kufuli.

"Ni ili wasitoroke kabla msimu wa uhamisho haujaisha," karani alieleza. "Halafu si watu wetu, mama. Kawaleta wakala kutoka Mchombe."

"Lori la nani?"

"Letu."

"Basi na watu ni wenu. Fungua."

"Wakitoroka je?"

Nesi akakalia kitanda chake, mikono kaikunja kifuani. "Mtu unayemfungia nguo zake ili asiondoke, umemwajiri au umemfuga?"

Karani akafungua. Wanaume wanne wakapandisha kabati, mabegi mgongoni, wala hakutoroka mtu. Nami siku ya kuhama nitaulizia ufunguo wa stoo kabla sijaulizia lori.