Mashairi ya Kibarazani Lituhi

Mwezi uliopita nilishuka Lituhi, kijijini kwetu kando ya ziwa, kwenye msiba wa mjomba. Tulipomaliza maziko nikajitenga na wenzangu, nikatembea hadi lilipokuwa duka la Mhindi. Sikulikuta. Barabara imepanuliwa, kibaraza kimekwenda na katapila, na ulipokuwa mlango sasa pana kibanda cha bati cha kuchajia simu. Nilimuuliza binti aliyekaa mle kama anajua pale palikuwa na nini zamani. Aliniamkia kwanza, kisha akasema yeye amepakuta hivyohivyo. Nikarudi msibani nikiwa na uzito mwingine juu ya ule niliokuja nao. Naomba nikueleze wewe, rafiki yangu, maana pale kijijini sikumpata wa kumweleza.

Mimi nililelewa na bibi. Kazi yake ilikuwa kuanika usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, na harufu yake ilikaa kwenye nywele zetu, kwenye mashuka, hata kwenye ugali wa muhogo. Jumamosi, usipa ukishageuzwa na kukauka upande wa pili, tulijifunga khanga safi tukaenda dukani kununua chumvi na mafuta ya taa. Mle ndani palinukia sabuni ya mche, bizari na vitambaa vipya. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno machache, fundi aliyeletwa zamani Mbinga kutengeneza mashine za kukoboa kahawa, akachoka na baridi ya kule juu, akateremka ziwani. Mkewe sisi watoto tulimwita Mama Dukani. Alikuwa Mkatoliki, akisali pamoja nasi, sari yake ikiburuza kwenye mchanga wa uwanja wa kanisa.

Alizaliwa Pondicheri, mji wa pwani ya kusini mwa India ambao Wafaransa waliutawala kwa muda mrefu. Nyumbani kwao walizungumza Kitamil, shuleni walimfundisha kwa Kifaransa. Hayo hatukuyajua, wala hakuna aliyemuuliza. Kwetu Mhindi alikuwa Mhindi tu.

Aliyeyagundua ni Sista wa zahanati. Yeye alitoka Ufaransa, mrefu, mwepesi wa miguu, mkali kwa akina mama waliochelewa kuleta watoto kliniki. Siku hiyo alikuja kununua kitambaa cha mapazia ya wodi. Mama Dukani akawa anapima kwa mkono, huku akihesabu chinichini. Sista akasogea karibu asikie. Kisha akamjibu kwa lugha ileile aliyokuwa akihesabia. Bibi aliniambia baadaye kwamba kitambaa kilianguka chini na hakuna aliyekiokota, wakabaki wameshikana mikono kama ndugu waliopoteana.

Kuanzia hapo kila Jumamosi alasiri walikaa kibarazani kwenye mkeka, katikati yao birika la chai ya tangawizi. Mama Dukani alikuwa na mashairi ya Kitamil kichwani, aliyoyapokea kwa mama yake, mengi mno. Alilighani moja, kisha akaligeuza polepole kwa Kifaransa, naye Sista akaandika, akafuta, akauliza, akaandika tena. Halafu walibadilishana. Sista alisimulia hadithi za milima ya kwao, na Mama Dukani akazigeuza kuwa za Kitamil ili awapelekee dada zake waliobaki India. Walitaka vitoke vitabu viwili, kimoja kisomwe Ufaransa na kingine India. Walikuwa wakilizungumza jambo hilo kama watu wanaojenga nyumba.

Na sisi? Sisi tulikaa pembeni tukichambua mawe kwenye mchele wa duka, tukidai tuambiwe wanasema nini. Kwa hiyo kila kitu kilipita pia kwenye Kiswahili, Kiswahili chao cha kuokoteza, kizuri ajabu. Sista aliposhindwa kueleza theluji alisema ni baridi ya Mkumbi, kule juu milimani, ila hii inaanguka.

Siku moja walikwama kwenye shairi la mke anayesikia mumewe amerudi safari ndefu, anamtamani, lakini hamfungulii mlango. Kwa Kitamil hali hiyo ina jina lake. Sista akasema neno lililopo kwao ni la mtoto aliyenyimwa peremende, litaliua shairi. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Bibi, ambaye hakujua kusoma wala hakuwa mtu wa kuingilia mazungumzo, akauliza, "Huyo mwanamke si amesusa tu?"

Mama Dukani akamtazama. "Bibi, sema tena."

"Amesusa. Moyo unataka, mwili umekataa."

Walicheka wote watatu, Sista akaandika neno letu kama lilivyo katikati ya Kifaransa chake. Bibi alirudi nyumbani akitembea kama msichana.

Kisha Sista akaugua. Alianza kwa kusahau majina ya wagonjwa, kisha njia ya kurudi nyumba ya masista. Wakuu wake wakaamua arudishwe kwao. Aliondoka na makaratasi yote kwenye sanduku, akiahidi kwamba atapona na vitabu vitatoka. Mama Dukani alilishikilia gari mpaka dereva akamwomba aachie. Akangoja. Kila gari la Mbinga lilipofika alitoka kibarazani kuuliza kama lina barua. Mumewe akafariki, tukamzika misheni, naye bado akingoja. Mwishowe wanawe wakaja kufunga duka, wakamchukua Dar es Salaam.

Nilimtembelea nilipokuwa chuo cha ualimu. Nilimkuta kwenye ghorofa, dirisha linatazama ukuta. Wanawe na wajukuu walizungumza Kiswahili na Kiingereza, Kitamil hawakukijua, Kifaransa ndiyo kabisa. Aliniuliza bibi hajambo, nikamwambia alikwisha fariki. Akafanya ishara ya msalaba.

"Mwanangu," akasema, "mimi siku hizi naongea na redio."

Hatukuonana tena. Alikufa mwaka uliofuata.

Miaka mingi baadaye padri mmoja anayejua Kifaransa alinisaidia kupiga simu katika nyumba aliyorudishwa Sista. Aliongea, akasikiliza, na uso wake ukaniambia kabla ya mdomo. Sista alikufa bila kumkumbuka yeyote. Chumba chake kilisafishwa na makaratasi yakachomwa, kwa kuwa walidhani ni mazoezi ya mtu anayejifunza lugha. Padri akaongeza kwamba walikuwa wapole, wamesikitika sana. Nikamshukuru.

Watu wawili walifanya kazi ya miaka, kazi ambayo pengine hakuna aliyewahi kuifanya mbele ya ziwa hili, na haikubaki hata karatasi moja. Wanadamu walioisikia walikuwa bibi na sisi watoto. Bibi alizishika hadithi zile kuliko sisi sote. Wenzangu wametawanyika, wengine wamekufa, na niliowauliza msibani walikumbuka peremende za dukani tu.

Juzi nilimwanzia binti yangu shairi moja la Mama Dukani, la mwanamke anayeliambia wingu limtafutie mji wa mumewe. Nilikwenda vizuri mpaka wingu linafika na kuona taa. Hapo nikakwama. Mwanangu alingoja, akaacha hata kula.

"Halafu, mama?"

Nikamwambia sijui. Akauliza kama tunaweza kumuuliza mtu. Nikafikiri India, nikafikiri Ufaransa, nikafikiri Lituhi. Nikamwambia amalizie ugali wake, unapoa.