Chini ya Rangi Nyekundu

Kwanza jambo moja liwekwe sawa. Mwalimu Damari Msengi hakurukwa na akili, hakwenda kwa mganga, wala hakushikiwa fimbo na mtu alipolipaka rangi ya bluu trekta la marehemu mumewe. Maneno hayo yalianzia kisimani hapa Ulemo, yakapanda basi hadi Kiomboi, na huko yakatiwa chumvi. Wapo wanaosema lisemwalo lipo. Hili halikuwapo. Lililokuwapo ni hili.

Damari aliolewa mwaka 1986, akiwa mwalimu kijana mwenye cheti chake mkononi, akalikuta trekta jekundu limeegeshwa uani kwa Chrispin Msengi. Kuanzia hapo hadi chini ya mteremko wa Sekenke, wekundu ule ulijulikana. Watoto darasani kwake wakiambiwa wachore trekta, walichora jekundu, na aliyekosa penseli nyekundu aliazima. Chrispin alikuwa mfugaji kabla hajawa mkulima, na mfugaji haamini mali isiyo na chapa. Kwa hiyo madigadi ya kushoto, ile bati ya kufunika gurudumu, ilikuwa na chapa ya ukoo wake, nusu duara na mistari miwili, iliyochongwa na mhunzi kwa patasi, ileile waliyokuwa nayo maksai wake pajani. Wageni walicheka. Damari hakucheka, aliipangusa vumbi kwa kanga yake.

Chrispin alipotimiza mwaka tangu azikwe, familia ikapanga ibada ya kusimika msalaba. Damari akaamua trekta litangulie mbele ya waombolezaji, likiwa katika rangi yake halisi, si rangi ya kubahatisha. Akamwita Bonaventura, fundi rangi wa Kiomboi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nataka nyekundu yenyewe, Bonaventura. Si ya geti la baa."

Fundi akacheka. "Mwalimu, nyekundu ziko nyingi kuliko madhehebu. Jua la hapa limeila hii miaka arobaini. Unayoiona wewe siyo iliyotoka kiwandani."

"Sasa utaijuaje?"

"Natafuta mahali ambapo jua halijawahi kufika. Chini ya betri, nyuma ya kibati cha namba, ndani ya boneti. Nakwangua taratibu, napaka mafuta ya taa, rangi inaamka. Hiyo ndiyo naenda nayo dukani wanichanganyie."

Damari aliipenda kazi hiyo. Ilikuwa kama kusahihisha mtihani. Akavuta kiti, akakaa akimwangalia fundi akifungua kibati cha namba. Bonaventura akakwangua, akapaka mafuta ya taa, akapangusa. Akakwangua tena. Kisha akainua kichwa.

"Vipi?"

"Mwalimu, hili trekta ni la bluu."

"Usinitanie."

"Njoo uone mwenyewe."

Akainama. Chini ya nyekundu palikuwa na praima ya kijivu, rangi ya kutangulizia, na chini ya ile praima, bluu safi kama sare ya shule. Fundi akakwangua chini ya betri: bluu. Ndani ya boneti: bluu. Miaka karibu arobaini ya ndoa, na Chrispin hakuwahi kumtajia Damari bluu hata kwa bahati mbaya.

"Labda aliichoka," akasema.

"Labda," fundi akajibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishana na mwalimu wake. Akahamia madigadi ya kulia. Huko chuma cha kukwangulia kikazama, kama kimekuta chaki. "Hapa kuna puti ya kuzibia. Patakuwa paliwahi kugongwa."

Hapakuwa pamegongwa. Puti ilipodondoka vipande vipande, ikatokea michirizo mitatu iliyochongwa kwa patasi, ikikutana chini: mguu wa kuku. Mkono uleule wa mhunzi, kina kilekile. Tofauti ni moja: chapa ya kushoto iliachwa wazi miaka yote ionekane na kila mtu, na hii ya kulia mtu aliijaza puti, akailainisha kwa msasa, akaipaka rangi.

Damari akaigusa kwa kidole. Chapa ile aliijua. Ng'ombe wenye mguu wa kuku walipita mbele ya nyumba yake kila jioni wakienda lamboni. Walikuwa wa Felista, mjane wa Paulo Kitundu. Paulo alikuwa rafiki wa Chrispin, akafa mwaka mmoja kabla Damari hajaolewa.

"Funika kwa turubai," akamwambia fundi. "Usipake kitu."

Akaenda kwa Felista kwa miguu, bila hata kubadili kandambili. Alimkuta akipeta uwele.

"Shikamoo, dada Felista."

"Marahaba, Mwalimu. Mbona uso umekushuka hivyo? Kuna msiba mwingine?"

"Trekta lina chapa yenu."

Felista akaendelea kupeta. Kisha akauweka ungo chini. "Mmeikwangua."

"Ulijua?"

"Nisijue vipi? Ng'ombe wa mume wangu na wa mume wako walitoka hapa pamoja kwenda mnadani. Kwa pesa hizo trekta likaja, la bluu, mhunzi akachonga huku na huku. Paulo alipokufa, mume wako akasema linapelekwa kutengenezwa. Lilirudi jekundu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa na watoto wadogo na shamba la kulimwa. Akanilimia kila mwaka, sikushika jembe. Nikasema Mungu anaona." Akamtazama Damari usoni. "Nilidhani wewe unajua. Kila mavuno nilikuletea jogoo, ukampokea, ukaniambia karibu tena. Nikasema, hawa waliosoma wanajua kunyamaza vizuri kuliko sisi."

Hapo ndipo Damari alipoketi chini, kwenye mavumbi, bila kujali sketi yake. Majogoo! Aliwakumbuka wote kwa mkupuo, wamefungwa miguu, wakipokelewa mlangoni na mke wa mfadhili. Aliwahi hata kumsifia mwanamke huyu mbele ya walimu wenzake kuwa ni maskini mwenye shukrani.

Jioni hiyo akampigia simu Nathan, mwanawe mkubwa, aliyeko Dodoma. Nathan akafika kesho yake mchana, akalitazama trekta, akashika kichwa.

"Mama, puti ipo. Tunajaza, tunapaka nyekundu, ibada inafanyika, basi. Watu mia tatu wanakuja kumkumbuka baba. Unataka wamkumbuke hivi?"

"Nilimwambia fundi nataka rangi halisi."

"Ulikuwa unazungumzia rangi!"

"Na hii siyo rangi?"

"Mama, unaharibu jina la baba kwa mikono yako mwenyewe."

"Jina ndilo ninalolilinda." Akaonyesha madigadi ya kulia. "Tukijaza puti mara ya pili, tunajaza sisi. Ya kwanza ilikuwa yake peke yake. Hii itakuwa yangu, yako, na ya wanao. Bonaventura! Nenda kachanganye bluu. Na hizo chapa zote mbili, nisione hata punje ya puti ndani yake."

Siku ya ibada trekta lilitoka uani la bluu, magurudumu yamefutwa, nusu duara kushoto, mguu wa kuku kulia. Barabarani watu waliacha kuimba. Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Felista alitembea mbele, pembeni mwa Damari, mahali ambapo hakuwahi kuwekwa. Wenye umri mkubwa walielewa haraka, na ukimya wao ulimshtua Damari kuliko yote: kumbe hawakuwa wachache waliojua.

Baada ya chakula, mwenyekiti wa kitongoji akamsogelea na sahani yake.

"Pole, Mwalimu. Sasa marehemu, hasa, alikuwa na sababu gani? Ni tamaa, au kulikuwa na makubaliano? Maana watu wanauliza. Na trekta sasa ni la nani?"

"Lina chapa mbili. Kasome."

"Nimesoma. Ila kuhusu marehemu mwenyewe..."

"Mume wangu nimemsimikia msalaba leo. Trekta nimelipaka rangi yake. Hayo umeyaona kwa macho yako. Zaidi ya hapo sisemi, kwako wala kwa mwingine, leo wala kesho. Kula, mwenyekiti, ugali unapoa."