Jiwe la Nyanya Kando ya Mto

Uji wa shule yetu ni maji yaliyosimuliwa tu habari za wimbi. Hata hivyo, harufu yake hunirudisha kwenye bustani ndogo ya makumbusho kando ya mto, mbele ya jiwe la kale la kusagia lililozungushiwa kamba.

"Nilisagia hapa nikiwa msichana," nyanya akaniambia.

"Wacha kunidanganya, nyanya!"

Mlinzi akacheka. "Mama, hilo ni la kutazamwa tu."

Nyanya akavuka kamba, akapiga magoti na kufungua leso yenye punje za wimbi. Akaokota kijiwe, akasaga huku akiimba, mabega yakienda kama ya msichana. Unga ukamwagika, laini kabisa.

Mlinzi akavua kofia. "Mama, nionjeshe basi."

Alichelewa. Nilikuwa nishaanza kulamba jiwe.