Shavu la Kushoto

Shangazi yangu hupiga picha za vitambulisho, na hapa mtaani hakuna anayemfikia. Sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu. Studio yake ni chumba kimoja: kigoda, kitambaa cheupe ukutani, na kitana kilichofungwa uzi kisije kikaota miguu. Masikio yaonekane, usicheke, macho mbele. Ukimwomba akupunguzie mashavu, anakuonyesha mlango.

Ndiyo maana mimi, niliyelelewa naye, sikumwendea. Nina alama ya kuzaliwa shavu la kushoto, nyeusi, pana kama kidole gumba. Mtandaoni nilikuwa na wafuasi elfu nne, na hakuna hata mmoja aliyeijua. Selfi zangu zote nilijipiga kwa upande wa kulia, na kilichobaki simu ilikifuta. Nilipotakiwa kutuma picha ya kadi ya mtihani wa leseni ya uuguzi, nilituma uso huohuo uliosafishwa. Kitambulisho changu cha chuo nacho kilikuwa nao. Nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi ya mtihani, msimamizi wa mlangoni aliitazama kadi, akanitazama, akaitazama tena.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Dada, usinichezee. Huyu hana alama. Lete uthibitisho kabla ya saa tatu, la sivyo urudi mwakani."

Miaka mitatu ya masomo ilikuwa inaniponyoka hivihivi. Nikampigia shangazi huku nalia.

Alifika anahema, kamera shingoni, kitambaa kwapani, printa ndogo mkobani. Hakunigombeza. Alitundika kitambaa kwenye uzio mbele ya watahiniwa wote, akaniamuru nifute machozi.

"Uso mbele, mwanangu. Wote."

Kisha akamkabidhi msimamizi bahasha. Ndani mlikuwa na picha zangu ndogo, moja kwa kila mwaka tangu nikiwa mchanga, zote zina tarehe na muhuri wa studio nyuma. Sikujua kama alikuwa akizitunza. Alama ilikuwepo katika kila moja, ikikua pamoja nami.

Msimamizi alizipanga mezani, akazipitia bila haraka.

"Huyu sasa namjua," alisema. Akabandika picha mpya kwenye kadi, shangazi akatia sahihi, muhuri ukagongwa.

Niliingia zikiwa zimebaki dakika nne. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyomjivunia mwanamke yule aliyekuwa akikunja kitambaa chake nje ya dirisha. Mtihani niliufaulu.

Siku ya matokeo niliiweka mtandaoni picha ile ya kwenye uzio, macho mekundu, mashavu yote mawili. Hadi jioni wafuasi mia tatu walikuwa wamenikimbia. Nikaenda kumwambia shangazi, nikidhani atanionea huruma.

Alikuwa akimnyooshea mteja kola, wala hakugeuka.

"Hao walikuwa wageni wa yule mwingine," alisema.